Ghorofa Nane Upande wa Juu

Mama yangu hakuwa na kulia wala kushoto. Niliigundua tabia hiyo ukubwani, baada ya kumleta aishi nasi Kihonda, mahali ambapo ardhi imelala kama mkeka. Kwao, katika kijiji cha misheni juu ya Bigwa, ni shida kupata sehemu ambayo watu wawili wanaweza kukaa kula bila mmoja kuwa juu kuliko mwenzake. Huko kila kitu ni juu au ni chini. Kuna shamba la juu na shamba la chini, jirani wa juu na jirani wa chini, na mtu akipalilia ana mguu wa juu na mguu wa chini. Mtoto huyajua maneno hayo mawili kabla hajaujua mkono wa kulia, ambao hufundishwa baadaye kidogo, kwa ajili ya chakula na ishara ya msalaba.

Aliposhuka, alishuka na mpangilio wake mzima akautandaza ndani ya nyumba yetu. Juu ilikuwa upande wa Milima ya Uluguru, ambayo kutoka barazani kwetu ilionekana yote, kuanzia vilima vya miguuni hadi ukingo wa kilele. Chini ilikuwa upande wa nyuma ya nyumba, kule uwanda unakoelekea Dakawa. Siku za mwanzo mke wangu, ambaye ni mtu wa Gairo, alimwuliza alikoweka chumvi.

"Iko juu," mama akajibu.

Mke wangu akapanda kiti, akapapasa juu ya kabati lote. Chumvi ilikuwa sakafuni, kwenye pembe ya jiko inayoelekea mlimani. Tulicheka sana. Mama naye alicheka, kwa adabu, bila kuelewa kosa lilikuwa la nani.

Ugonjwa wake ulianza na majina. Alilipoteza jina la mke wangu, kisha majina ya wanangu, kisha akaanza kumwulizia baba, aliyefariki zamani, kana kwamba amechelewa tu kurudi kutoka sokoni. Daktari alitueleza kwamba ubongo wake unazeeka vibaya, kwamba hali hiyo hairudi nyuma, na kwamba tusimhamishie vitu vyake bila sababu. Tulitii. Lakini mimi nimezoea kukitazama kitu mpaka nijue kinaendeshwa na nini, na masika ya kwanza yalipokwisha nilikuwa nimekwisha kujua. Mama aliendeshwa na mlima. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda chake barazani akautazama, akayataja mashamba kwa sauti ndogo: hili la dada yake, lile lililoporomoka mwaka wa mvua kubwa, lile la wamisionari lenye miti ya mipaka. Kwa macho ya kawaida hakuna shamba linaloonekana kutoka Kihonda, ni mabaka tu ya kijani iliyofifia na kijani iliyokolea, lakini yeye aliyaona. Akishamaliza aliingia ndani, na siku nzima hakukosea. Kwenda chooni ni kushuka. Kwenda jikoni ni kupanda. Kitandani, kichwa kinalala juu.

Siku ambazo mawingu yaliteremka mpaka kwenye vilima, alipotea ndani ya vyumba vitatu. Alifungua stoo akitafuta choo. Alisimama katikati ya sebule ameshika ukuta, kama mtu anayeogopa kuteleza. Mawingu yakiinuka, alitulia, mara nyingine kabla hata chai haijapoa. Mimi bado alinijua. Aliniita mwanangu, alinilaumu kwa kutonenepa, na aliniuliza habari za kazi.

Hapo ndipo lilipowekwa lile bango.

Kati ya nyumba yetu na stesheni ya treni ya umeme palikuwa na kiwanja kikubwa kitupu, kirefu kwa kufuata barabara, ambacho watu walikitumia kukaushia matofali. Bango lilionyesha jengo la makazi la ghorofa kumi na nne, jembamba, lenye vioo, na chini yake watu weupe wa kuchorwa wakitembea na mabegi. Maana yake ilieleweka kwa kila mtu. Tangu treni ianze, mtu anaweza kufanya kazi Dar es Salaam na kulala Morogoro. Watu walikuwa wakija kupanga kwa wingi, na nyumba za kuwapokea hazikuwapo.

Mimi niliishia darasa la saba. Hesabu za pembe nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha sekondari kilichochanika jalada, miaka niliyofanya kazi ya kutengeneza pampu kwenye mashamba ya mpunga Dakawa. Kule maji yanakufundisha kwamba tofauti ya kimo cha kidole kimoja inatosha kuacha jaruba zima likiwa kavu. Kwa hiyo nilifanya nilichojua kufanya. Nilikaa kwenye kigoda cha mama ili nipate kimo cha macho yake. Nikatumia kipimapembe cha mwanangu wa shule, uzi na nati iliyoning'inia, nikapima ukingo wa mlima uko juu kiasi gani. Nikapima kwa futi ya utepe umbali hadi kiwanjani. Jibu lilikuwa ghorofa tano. Jengo la ghorofa tano lingekula vilima na kuacha miinuko. La ghorofa sita lingegusa ukingo. Kuanzia ghorofa saba, hakuna mlima. Nilirudia siku ya pili na ya tatu, nikitumaini kwamba nimekosea. Jibu likabaki lilelile.

"Utawaambia ni kwa sababu ya mama?" mke wangu aliniuliza usiku wa kuamkia mkutano wa mtaa.

"Nitawaambia tano."

"Mtu akisikia tano, atajua nini?"

Nilifikiri juu ya swali lake, nikakubali kwamba ana haki. Nikaamua nitaeleza yote, hata lile la nyumbani kwangu, ambalo kwa kawaida nisingelitoa mbele za watu.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, alasiri, madawati yametolewa nje. Mwenyekiti wa mtaa alikaa mbele, pembeni yake kijana msanifu aliyetumwa na mwenye jengo, na mchoro mkubwa umebandikwa ubaoni. Walisimama watu wa kila aina. Mmoja aliogopa maji machafu, mwingine alitaka kujua vijana wa mtaa watapata ajira. Kisha akasimama dada mmoja aliyepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa mhasibu Dar, anaondoka na treni ya alfajiri na kurudi jioni.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Mimi sina kiwanja hapa, kwa hiyo mnisamehe nikisema. Chumba ninachokaa kilikuwa stoo ya mahindi. Ninamshukuru mwenye nyumba. Lakini kuna wenzangu ninaopanda nao treni, wao hata stoo hawajapata. Nasikia watu wanasema lile jengo lipunguzwe. Kila ghorofa mnayoitoa pale ina watu ndani. Hamuwaoni kwa kuwa hawajafika."

Alikuwa ametoa hoja safi kuliko zote, nami nilijua kwamba nikisimama nitakuwa ninaomba watu hao wakose mahali pa kulala kwa ajili ya mwanamke mmoja mzee. Nilisimama hata hivyo.

Nilieleza kwa utaratibu. Nilisema sipingi jengo, wala sipingi wapangaji. Nilisema nimepima, na kwamba ghorofa tano zitauacha mlima uonekane kutoka nyumba za upande wetu, na zaidi ya hapo hautaonekana. Kisha nikasema, "Nina mzazi nyumbani ambaye ni mgonjwa. Asipouona mlima hajui alipo. Ninawaomba kwa ajili yake."

Nadhani maneno hayo yangetosha. Lakini nyuma alikuwapo mtani wangu, mzee wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli ya zamani, jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye kwa miaka yote hiyo hatujawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mwenyekiti, usimsikilize Mluguru huyu!" alipaza sauti. "Mimi nimenunua ndizi kwao miaka yote. Mluguru akitaka kuuza, kila siku ana mgonjwa nyumbani!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Msanifu alicheka, mwenyekiti alicheka, hata yule dada mhasibu alifunika mdomo. Na mimi nilicheka. Asiyekulia katika utani anaweza kuniuliza kwa nini sikukasirika. Mtani hakasirikiwi. Akikurushia neno, unampa jingine, hata msibani, hata kaburi likiwa wazi. Nilifanya ilivyonipasa.

"Kaa chini, mbeba mizigo," nikamjibu, maana babu zake Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara. "Nani alikuambia uutue mzigo wa watu?"

Wakacheka tena, zaidi. Nilipotaka kurudi kwenye maneno yangu, nikakuta hayapo tena. Mama yangu alikuwa amegeuka mgonjwa wa muuza ndizi, yule ambaye kila mmoja wetu amemsikia sokoni na kumpuuza kwa upole.

Mwenyekiti akagonga meza. "Haya, tumesikia. Mwenye jengo anasema kumi na nne. Fundi anasema tano. Sisi ni majirani, tukutane."

"Kumi na mbili!" mtu akasema.

"Saba!"

"Saba hapana, saba unamfukuza tajiri."

"Fundi, mwisho wako?"

"Tano," nikasema.

"Hiyo ni ya kuanzia. Tunaomba ya mwisho."

"Ya kuanzia ni tano na ya mwisho ni tano. Sikupandisha wala kushusha. Nimepima."

"Kila mtu amepima, fundi! Sogea kidogo!"

Nilielewa wakati huohuo kilichokuwa kinatokea, na sikuweza kukizuia. Morogoro ni mji wa soko. Nyanya, karoti, kabichi na ndizi hushuka kutoka milimani, mahindi na karanga hutoka Gairo, mchele hutoka Dakawa, na hakuna kinachopita katikati yetu bila kushushwa kutoka juu na kupandishwa kutoka chini mpaka watu wakutane. Mtu anayetaja namba moja na kuing'ang'ania huonekana hana adabu, au hajui biashara. Ningekuwa mjanja ningesema ghorofa moja. Nilisema tano kwa sababu tano ndiyo ilikuwa kweli.

Walifika tisa. Msanifu alikuwa ametikisa kichwa kwa kumi na moja, akanuna kwa kumi, akakubali tisa.

"Bado nyongeza!" mtani wangu akapiga kelele. "Hamuwezi kumwondoa Mluguru sokoni bila nyongeza. Mtoleeni moja!"

Wakatoa moja. Ikawa nane. Watu walipiga makofi. Tulipotawanyika waliniamkia na kunishika mkono njia nzima. Umewashusha sita, fundi. Sita! Mtani wangu alinikumbatia mabega, amefurahi kwa moyo wake wote, akiamini kwamba amenipigania. Kwa namna aliyoijua yeye, kweli alikuwa amenipigania.

Baada ya muda bango likabadilishwa. Nililiona nikirudi na pampu ya mteja mgongoni, nikasimama barabarani mpaka mtu akanipigia honi. Jengo lilikuwa la ghorofa nane kama tulivyokubaliana. Lakini lilikuwa limenyooka kutoka mwanzo wa kiwanja hadi mwisho, kama treni iliyoegeshwa. Yule kijana msanifu alikuwapo siku hiyo na watu wa kuchimba msingi.

"Shikamoo mzee. Umeona? Tumewasikiliza."

"Marahaba. Limekuwa refu."

"Hapana, mzee, limekuwa fupi."

"Kwa huku," nikamwonyesha kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ah, huko. Vyumba ni vilevile, mzee. Tajiri hawezi kupoteza vyumba. Vile vilivyokuwa vimesimama, sasa vimelala."

Alisema bila ubaya wowote. Nilimshukuru nikaenda nyumbani, nikakaa kwenye kigoda cha mama, nikanyoosha mkono mbele ya macho na kupima kwa vidole. Mnara wa kwanza, ule mwembamba wa ghorofa kumi na nne, ungefunikwa na vidole vinne. Ungesimama mbele ya mlima kama nguzo, na mlima ungebaki huku na huku. Jengo hili jipya halikuenea kwenye kiganja, nilipolinyanyulia mikono yote miwili nililifunika kwa shida. Kimo nilikuwa nimekipima mara tatu. Upana sikuupima hata mara moja, nilihesabu kana kwamba jengo lolote litajaza kiwanja chote.

Nilikwenda manispaa. Ofisa mmoja mwanamke alinisikiliza vizuri, akafungua jalada, akaniambia kwamba wakazi walitaka kimo kipunguzwe na kimepunguzwa, na kwamba mara nyingi wakazi hawapati hata hicho. Alikuwa anasema kweli.

Jengo likaanza kupanda. Ghorofa za kwanza hazikumsumbua mama. Aliwatazama mafundi kwa shauku, akaniuliza ni padri gani anayejenga kanisa kubwa hivyo. Lilipofika ghorofa ya nne, alianza kuyakosa mashamba. Alitaja machache, akasimama, akaanza tena. "Wamelima huku," alisema siku moja akionyesha zege, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa. Kufika ya sita, ulibaki ukingo mwembamba wa bluu, na aliufuata kwa kuinuka kwenye kigoda, akisimama, akisogea mpaka ukingoni mwa baraza. Mke wangu alikuwa akimshika gauni kwa nyuma.

Kisha ukingo nao ukaenda.

Siku hiyo hakupiga kelele. Aliingia ndani, akazunguka nyumba nzima akigusa kuta, akanikuta ninafunga boliti za pampu.

"Mwanangu, juu ni wapi?"

Nilimshika mkono nikamwonyesha. "Kule, mama. Nyuma ya lile jengo."

Alitazama nilikoonyesha, kwa subira, kama mtu anayemheshimu anayedanganya. "Pale ni ukuta," akasema.

Tulijaribu mambo. Nilihamisha kigoda kwenda uchochoroni, ambako kipande kidogo cha mlima kilionekana kati ya jengo na mnara wa simu. Hakukitambua. Mke wangu alimwekea sanamu ya Bikira Maria upande wa mlimani, akamwambia juu ni kwa Mama Maria. Mama alisali pale vizuri, kisha akaenda kukojoa stoo. Usiku aligeuza mto, akaugeuza tena. Hakuwa na ugonjwa mpya, lakini mtu aliyekuwa akitembea peke yake sasa alishikwa mkono kutoka chumba hadi chumba, na kila aliposhikwa aliuliza anapelekwa wapi.

Jioni moja yule dada mhasibu alimleta mama mlangoni kwetu amemfunika mtandio wake. Sisi tulikuwa tumekwisha kutawanyika mtaani kumtafuta, na mke wangu ndiye aliyebaki.

"Nimemkuta kwenye lile daraja la kuvukia reli," aliniambia niliporudi. "Fundi, alikuwa amepanda mpaka katikati. Watu wanampita tu."

Nilielewa mara moja. Daraja lile lina tuta la kupandia, na Kihonda yote haina mwinuko mwingine. Miguu yake ilikuwa imetafuta mpaka ikapata mahali panapopanda.

"Alisema kitu?"

Dada yule alisita. "Aliniuliza ni nani ameukata mlima. Alipofika katikati, akaona upande wa pili unashuka." Kisha akaongeza, huku anavua mtandio wake mabegani mwa mama taratibu, "Huyu ndiye yule mgonjwa uliyemsema mkutanoni?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni maneno ya kuombea huruma tu."

"Hukuwa peke yako."

Alilia kidogo pale barazani. Nilimwambia asilie, kwamba aliyoyasema siku ile yalikuwa sahihi na bado ni sahihi, na nilimaanisha. Miezi iliyofuata alipata chumba katika jengo lile, ghorofa ya sita. Kila nikikutana naye ananiamkia na kutazama chini.

Mtani wangu alisikia habari za daraja. Alikuja mchana wa siku ya pili yake amevaa koti, jambo ambalo halifanyi, akavuta kiti mbele ya mama. Walikuwa wamezoeana sana. Mama alikuwa bingwa wa kumtukana, alimwita kwa majina ambayo siwezi kuyaandika.

"Wewe bibi Mluguru," alianza, "nasikia umetaka kutoroka na treni. Una nauli wewe? Au utalipa kwa ndizi mbivu?"

Mama alimtazama.

"Au mguu wako mfupi umechoka kukaa tambarare? Ninyi mguu mmoja huwa mfupi kwa kulima kwenye miteremko, tunajua."

"Karibu," mama akamwambia kwa heshima. "Karibuni chai."

Mtani wangu alisubiri. Alimwinamia karibu zaidi akajaribu neno zito, la mambo ya kaburini, ambalo mtani yeyote angelirudisha kwa kofi. Mama akamwitikia, "Ahsante, baba." Nilimwona mzee yule akivua kofia yake. Mlangoni, akiondoka, aliniambia, "Mtani, mimi nilikuwa ninakupandishia bei."

"Najua," nikasema. Hatujatukanana tangu siku hiyo. Tunaamkiana kama wageni, na hilo nalo ni msiba.

Habari zilifika milimani. Dada yangu alipiga simu, yaani binti wa mama mkubwa. Kwetu sisi Waluguru mtoto wa dada wa mama yako ni dada yako kamili, na mama yako ni mama yake. Ukoo unapita kwa wanawake, na nyumba ile ya juu ya Bigwa ni yao.

"Mlete mama," alisema.

"Huko zahanati iko mbali."

"Huko kwenu hospitali iko karibu, imemsaidia nini? Mlete. Nyumba ni yake."

Mimi kazi yangu iko Kihonda, na watoto wanasoma Kihonda. Tulizungumza na mke wangu siku kadhaa, na kila mara tulifika palepale. Mwishowe tukakodi gari hadi barabara inapoishia, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu. Niliogopa itabidi abebwe. Lakini mara tu njia ilipoanza kupanda, mkono wake ulilegea ndani ya wangu. Mwili ulinyooka. Aliweka miguu bila kutazama, akapita mawe ambayo mimi niliyapita kwa kushika nyasi, na kwenye kona alinisubiri. Dada yangu alikuwa amesimama nje. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, na mama akaitikia, "Milele, amina," akampita, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja jikoni. Akarudi na chumvi mkononi, akauliza kwa nini imeachwa mahali penye unyevu.

Sikumbuki furaha nyingine inayolingana na ile. Ilidumu mpaka asubuhi. Nilipotoka nje nikamkuta ameketi anachambua mboga, nikamwamkia. Aliitikia, akanitazama nguo, akatazama viatu.

"Umetoka mjini?"

"Mimi ni mwanao, mama."

Alicheka kidogo, kwa adabu. "Mwanangu ni mdogo. Ameshuka kuchota maji." Akamgeukia dada yangu. "Hajarudi tu? Nenda kamwite, njia inateleza."

Kule juu, ambako kila kitu kimerudi mahali pake, mimi pia nimerudi mahali pangu, na mahali pangu ni miaka yangu ya utotoni. Mtu mzima mwenye mvi na mikono ya grisi alikuwa wa Kihonda, wa baraza lile. Huku hana nafasi. Nimejaribu kulifikiri kwa utaratibu kama ninavyofikiri mambo mengine, na sioni hesabu ambayo ingempa vyote viwili.

Ninapanda kila nipatapo Jumamosi. Anakula, analala, hashikwi mkono. Kutoka uani wanaona uwanda wote, na jengo lile linaonekana, jeupe, dogo. Hajaliulizia hata mara moja. Jumamosi iliyopita alinikaribisha kigoda, akanipa ndizi za kuchoma, akanihoji kama wenyeji wanavyomhoji mgeni: ninafanya kazi gani, nina watoto wangapi, mvua imenyesha huko chini?

"Na mama unaye?" akauliza.

"Ninaye."

"Mzima?"

"Mzima. Anakula vizuri. Anatembea mwenyewe."

"Mshukuru Mungu," akasema, akanimenyea ndizi nyingine. "Usimwache peke yake. Wazee wanaogopa."

Nikamwambia sitamwacha. Dada yangu akaita kutoka jikoni kwamba wingu limeshika na nisichelewe. Nikavaa koti la mvua, nikamuaga mama kama mgeni anavyoaga, nikashuka.